Bastola yangu ya AR: nirudishe breisi, niisajili, au niiache ilivyo?

DerevaWaMasafa (Fort Worth, Texas)

Wakuu, habari za Jumapili. Naomba mnivumilie, nitaandika kirefu kidogo. Jambo hili limeninyima usingizi wiki nzima na sitaki nijibiwe nusunusu.

Mwaka 2021 nilinunua bastola ya AR, yaani iliyoundwa kwa mtindo wa bunduki ya AR-15, dukani hapa Fort Worth. Nilijaza fomu, jina langu likahakikiwa, nikaondoka nayo siku ileile. Mtutu wake ni inchi 10.5. Nyuma ilikuwa na breisi, ile plastiki yenye mkanda wa kujifungia kwenye mkono ili uweze kuilenga kwa mkono mmoja. Wengi humu mnajua chanzo chake: ilibuniwa mwaka 2012 kwa ajili ya askari mstaafu mwenye ulemavu, na ATF wenyewe, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, wakaandika barua kwamba kuifunga hakuigeuzi bastola kuwa kitu kingine. Nilinunua nikiamini barua hiyo.

Januari 2023 ATF wakageuka. Wakatoa kanuni mpya kwamba bastola nyingi zenye breisi ni bunduki za mtutu mfupi, na wenye nazo tukapewa mpaka Mei 31 mwaka huohuo: uisajili, uondoe breisi kwa namna ambayo hairudi tena, uweke mtutu wa inchi 16, uikabidhi kwao, au uiharibu. Wakati huo nilikuwa natoka Laredo kwenda Minneapolis, naendesha usiku, na kila nikisimama kujaza mafuta nasoma maoni ya watu kwenye simu. Mmoja anasema jisajili ni bure, mwingine anasema ukijisajili umejitia kitanzi. Nilirudi nyumbani Mei 28. Nikaitoa breisi, nikaikata vipande viwili kwa msumeno wa chuma, kila kipande nikakitupa pipa lake. Kabla ya kutupa nikapiga picha, na bado ninayo kwenye simu ikiwa na tarehe.

Tangu siku hiyo bastola imebaki na bomba tupu nyuma. Ukiifyatua chuma kinakugonga shavuni. Mara ya mwisho kwenda kulenga shabaha nilirudi na uvimbe chini ya jicho, mke wangu akauliza nani kanipiga.

Sasa nasikia mahakama imeifuta ile kanuni. Nasikia pia kwamba tangu Januari 1, 2026 ile kodi ya dola 200 ya kusajili bunduki fupi imekuwa sifuri. Na Texas yenyewe iliondoa bunduki za mtutu mfupi kwenye orodha yake ya silaha zilizokatazwa tangu Septemba 1, 2025. Kwa furaha ya habari hizo, Desemba niliona kitako kizuri, kile cha kuegemeza begani, mtandaoni kimepunguzwa bei, nikakiagiza. Wakaongezea na mpini wa mbele, ule unaosimama wima. Vyote viko kwenye boksi juu ya kabati la nguo. Sijafunga chochote.

Jambo moja zaidi, na ndilo linalonitisha. Mimi si raia bado. Nina kadi ya ukaazi wa kudumu, maombi yangu ya uraia yameshapelekwa, nangoja kuitwa kwenye mahojiano. Nina watoto watatu, wawili wamezaliwa hapa.

Maswali yangu: naweza kurudisha breisi? Naweza kufunga kitako kwa kuwa kodi imefutwa? Na yupi kati yenu amepitia usajili akiwa na kadi tu, bila uraia?

---

KijanaWaHouston

Mkuu, unajitesa bure. Kanuni imekufa, kodi imekufa, na Texas imeruhusu. Funga kitako chako uendelee na maisha. Mimi nina rafiki zangu kama wanne wamefunga na hakuna aliyewauliza.

---

FundiMitutu (Arizona)

Mdogo wangu dereva, usifuate ushauri wa hapo juu. Nakuomba kwa moyo wote. Na wewe wa Houston sikugombezi, ila waambie rafiki zako wanne wasome haya leo.

Nipo kwenye karakana ya bunduki mwaka wa kumi na moja sasa. Watu wa aina yako nimewaona wengi, na karibu wote wanachanganya vitu viwili: kanuni na sheria. Kanuni ya 2023 iliandikwa na ATF. Sheria iliandikwa na Bunge la Marekani mwaka 1934, na hiyo haijafutwa na mtu yeyote. Inasema hivi: bunduki iliyoundwa au kubadilishwa, na kukusudiwa ifyatuliwe ikiwa begani, ikiwa na mtutu chini ya inchi 16 au urefu wote chini ya inchi 26, lazima iwe imesajiliwa. Ile ya marisau kipimo chake ni inchi 18. Ukikutwa nayo bila usajili, kifungo ni hadi miaka 10.

Sasa tazama mambo yalivyokwenda. Mwaka 2012 ATF wanasema breisi haina tatizo. Januari 2015 wanatoa barua ya wazi kwamba ukiiweka begani umeibuni upya silaha yako kuwa bunduki fupi. Mwaka 2017 wanalegeza. 2023 wanakaza kuliko wakati wowote. Novemba 2023 jaji mmoja wa Texas anaisimamisha kanuni nchi nzima, Juni 13, 2024 jaji mwingine wa Texas, kwenye kesi ya Mock, anaifuta kabisa, na Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Nane nayo inaikosoa vikali. Serikali ilikata rufaa kwenye kesi ya Mock, kisha Julai 2025 ikaiacha. Muda wote huo, miaka yote hiyo, inchi 16 imebaki inchi 16. Mimi huwaambia wateja wangu: simama kwenye ile ya 1934, hizi barua usizijengee nyumba.

Kwa hiyo swali la kwanza. Breisi unaweza kurudisha. Lakini iwe breisi kweli, yenye mkanda unaofungika mkononi, kutoka kiwandani, usiichonge wala kuirefusha. Usiifungie bastola darubini ambayo haitumiki mpaka uweke shavu kwenye kitako. Kanuni imeondoka, ila swali la sheria liko palepale: kitu hiki kimekusudiwa begani au mkononi? Jibu lionekane kwenye silaha yenyewe, usiwe mtu wa kujieleza.

Swali la pili. Kitako, hapana. Hapana kabisa mpaka uwe na kibali mkononi. Kodi ndiyo iliyoshuka kuwa sifuri, usajili haukushuka. Bado unajaza Fomu 1 kwa ATF, unaweka alama za vidole na picha, nakala unampelekea mkuu wa polisi au sherifu wa eneo lako, halafu unangoja. Kufunga kitako kabla ya jibu ni kosa lilelile kama hukujaza kitu. Na kibali kikija, wewe ndiye unayehesabiwa kuwa mtengenezaji, kwa hiyo jina lako, mji wako na jimbo lako vinachongwa kwenye chuma kwa kina kisichopungua inchi 0.003. Kazi hiyo mpe fundi mwenye mashine. Nimeshaletewa bodi, yaani kiwiliwili cha bunduki, iliyokwanguliwa kwa msumari, herufi hazisomeki.

Na Texas kuiondoa kwenye orodha yake ni jambo la Texas. Sheria ya shirikisho haikusikia habari hiyo.

Lakini mdogo wangu, wewe umeuliza kuhusu breisi na mimi jicho langu limebaki kwenye lile boksi juu ya kabati. Nijibu upesi: una bunduki nyingine yoyote ya AR ndani ya nyumba? Au mtutu wowote wa inchi 16? Na nipimie urefu wote wa hiyo bastola.

---

DerevaWaMasafa

Kaka, ahsante sana. Nimesoma mara mbili, ya pili nikamsomea mke wangu kwa sauti.

Sina bunduki nyingine. Ni hiyo bastola tu. Mtutu wa inchi 16 sina.

Nimeipima jioni hii. Nilitoa magazini, nikavuta bolti mara tatu, nikaingiza kidole kwenye chemba kuhakikisha hakuna risasi. Urefu wote kutoka nyuma ya bomba hadi mdomo wa mtutu nimepata kama inchi 24 na robo. Hapo nimehesabu na kile kifuniko cha mbele cha kupunguza moto. Kinafunguka kwa spana.

---

FundiMitutu

Kama kinafunguka kwa spana hakihesabiwi. Kipimo kinachukua kile tu kilichofungwa kwa kudumu, kwa maana ya kulehemiwa au kutobolewa na kupigwa pini iliyolehemiwa juu. Ndiyo maana utaona watu wananunua mtutu wa inchi 14.5, fundi anaulehemu kifaa cha mdomoni mpaka inafika 16, na hapo ni bunduki ya kawaida isiyohitaji usajili.

Ukitaka kupima mtutu wenyewe: hakikisha tena haina kitu ndani, funga bolti, ingiza kijiti cha mbao kilichonyooka kutoka mdomoni mpaka kigote uso wa bolti. Weka alama kwa kalamu pale mdomo unapoishia, toa kijiti, pima. Hicho ndicho kipimo. Watu wanapima mtutu kwa nje, kutoka pale chuma kinapoonekana, wanapunguza inchi nzima au zaidi, halafu wanatishika bure, au wanahesabu kifaa cha mdomoni na kujidanganya upande wa pili.

Sasa boksi. Una bastola moja ya mtutu mfupi, una kitako kinachoingia kwenye bastola hiyo, na huna kitu kingine chochote ambacho kitako hicho kingeweza kutumika kihalali. Mwendesha mashtaka akivikuta chini ya paa moja anaweza kudai kwamba bunduki fupi tayari unayo, imebaki tu kuungwa. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Thompson/Center, kampuni iliyokuwa inauza bastola pamoja na seti ya kitako na mtutu mrefu. Kampuni ilishinda, kwa sababu kitako kile kilikuwa na mtutu wa zaidi ya inchi 16 wa kuungana nao kihalali. Kitako chako hakina mwenzake. Kwa hiyo ama kiondoke nyumbani, ama upate sehemu ya juu yenye mtutu wa inchi 16 ambayo ni wazi kwamba kitako ni chake. Na ukichagua njia ya pili, shika mpangilio kama sala: unapogeuza kuwa ndefu, mtutu mrefu kwanza kisha kitako. Unaporudisha kuwa bastola, kitako kinatoka kwanza kisha mtutu mfupi. Hata dakika moja kitako na mtutu mfupi visikutane kwenye bodi moja. ATF walishaandika mwaka 2011 kwamba silaha iliyoanza kama bastola inaweza kugeuzwa kuwa bunduki na kurudi. Iliyoanza kama bunduki hairudi chini kuwa bastola, na yako ilianza bastola, hilo ni jambo jema kwako. Risiti ya 2021 unayo?

Ule mpini wa wima usiuguse. Bastola yenye urefu chini ya inchi 26 ukiifunga mpini wa wima mbele inaingia kundi jingine la sheria ileile ya 1934, nayo inataka usajili. Zawadi hiyo ingekutia matatani kabla ya kitako.

---

MamaMkalimani (Columbus, Ohio)

Shikamooni wakubwa, na mdogo wangu dereva pole kwa mawazo.

Mimi bunduki sizijui. Nimekuwa mkalimani kwenye kesi za uhamiaji miaka tisa, na nimeingia hapa kwa sababu ya sentensi yako moja: "mimi si raia bado."

Fundi amekueleza kifungo cha miaka 10. Kwa raia hesabu inaishia hapo. Kwa mwenye kadi hesabu inaendelea. Sheria ya uhamiaji inasema mkaazi akitiwa hatiani kwa kununua, kuuza, kumiliki au kubeba silaha au sehemu ya silaha kinyume cha sheria yoyote, anaweza kuondolewa nchini. Sehemu ya silaha, mdogo wangu, si lazima iwe nzima. Na kifungu kinachoadhibu bunduki fupi isiyosajiliwa kimetajwa kwa namba kwenye orodha ya makosa mazito kabisa ya uhamiaji. Ukiangukia kwenye orodha hiyo, jaji wa uhamiaji hana tena nafasi ya kukuhurumia kwa sababu ya watoto au miaka uliyokaa, na mlango wa uraia unafungwa moja kwa moja. Nimekaa kiti cha pembeni nikitafsiri maneno hayo kwa baba wa familia, na yeye ananitazama mimi kama vile nikitafsiri kwa namna nyingine yatabadilika. Siwezi kusema zaidi ya hapo.

Kwa swali lako la tatu: mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kumiliki silaha na anaruhusiwa kuomba usajili. Aliye hapa kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi kuwa hata na risasi moja, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni ya uwindaji. Asiye na karatasi haruhusiwi kabisa. Nasema hili kwa vijana wanafunzi wanaosoma hapa na kualikwa na wenzao kwenda kulenga shabaha. Kuishika tu kunaweza kuhesabiwa.

Na mimi ningekuwa wewe, kabla ya kujaza Fomu 1 ningekwenda kwa wakili wa uhamiaji nikamwonyesha kila kitu, hata ile picha ya breisi iliyokatwa. Si kwa sababu usajili ni kosa. Ni kwa sababu maombi mawili ya shirikisho yakienda pamoja yanapaswa kusema kitu kimoja, anwani ileile, jina lililoandikwa vilevile. Sisi majina yetu matatu matatu yanapinduliwa kila ofisi.

---

FundiMitutu

Dada, Mungu akubariki. Hilo la orodha ya makosa mazito sikulijua, na wateja wangu wengi ni wakimbizi wenzetu wa Kongo na Burundi. Nitalichapisha nilibandike ukutani karakana.

Nakuongezea kitu dereva, kwa sababu ya kazi yako. Ukiisajili kuwa bunduki fupi, huvuki nayo mpaka wa jimbo bila ruhusa ya ATF mapema. Ipo fomu yake, Fomu 20, unaandika unakotoka, unakokwenda na tarehe, na ruhusa ikitoka inaweza kudumu hadi mwaka mmoja. Wewe Laredo hadi Minneapolis unapita Oklahoma, Kansas, Missouri na Iowa. Bastola yenye breisi haina sharti hilo la Fomu 20, ingawa kila jimbo lina sheria zake, na California, New York na New Jersey usithubutu nayo kwa sura yoyote. Kwa maisha yako, mimi naona bastola ibaki bastola. Anayesajili na akanufaika ni mtu ambaye silaha yake hailali nje ya jimbo. Hayo ni maoni yangu, sikulazimishi.

---

KijanaWaHouston

Nimesoma yote. Nilikosea na nimejibu kwa haraka kwenye jambo linalomhusu mtu na watoto wake. Nisamehe kaka dereva. Kati ya wale wanne wawili wana kadi kama wewe. Nimewapigia simu, mmoja ameshatoa kitako na kukipeleka kwa kaka yake raia mwenye bunduki ya inchi 16. Wa pili hajapokea, nitampitia kazini.

---

DerevaWaMasafa

Wakuu, nimechelewa kurudi, nilikuwa barabarani na sikutaka kuandika nusu.

Usiku uleule nilishusha boksi. Lilikuwa bado na mkanda wa gundi upande mmoja. Asubuhi nilikwenda duka nilikonunua bastola, nikamweleza yule mzee wa kaunta bila kuficha. Hakucheka. Alikichukua kitako akakiuza kwa niaba yangu, nikapoteza dola 30 kwa bei niliyonunulia, na mpini wa wima nikamwachia hapohapo. Nimeomba karatasi yenye tarehe ya kuvikabidhi, na nakala ya risiti ya 2021 wamenitolea kwenye kompyuta yao. Imeandikwa "pistol", kwa herufi kubwa.

Breisi mpya nimeagiza, ya mkanda, na karatasi ya kiwandani naiweka kwenye faili moja na risiti na ile picha ya Mei 28. Sisajili. Nikipata uraia nitafikiria upya, nikiwa nimeacha lori.

Wakili nimepata, Alhamisi saa nne. Mama Mkalimani, nimekagua jina: kwenye kadi nina majina matatu, kwenye risiti ya duka mawili, na la katikati limegeuzwa kuwa la mwisho. Nitaanza na hilo.